Kiraka cha Buluu Pembeni mwa Mlango

Nyumbani, 6 Februari

Mpwa wangu Cheche,

Natumaini barua hii itakukuta na vidole vyako vyote mkononi, maana kazi uliyoichagua ni ya moto, na moto hauna undugu na mtu.

Huku tu wazima. Mwalimu, mpangaji wetu wa chumba cha uani, anakusalimu sana. Wanafunzi wake wamefanya vizuri hesabu, kwa hiyo wiki nzima anatembea kama amekunywa soda. Paka wa jirani amezalia ndani ya sanduku langu la brashi. Sanduku si langu tena. Nikilisogelea tu, mama mtu ananitolea macho kama mwenye hati ya nyumba.

Sasa nikupe habari. Ile taa ya nje, pembeni mwa mlango wa mbele, nimeing'oa. Usishtuke. Ilikuwa imezeeka, mwanangu. Mwanga wake ulikuwa kama umevishwa soksi. Nilibadilisha balbu, nikabadilisha tena, wapi! Ukiitazama unaona imezungukwa na miduara, kama mwezi wenye wingu. Nikasema basi, kila kitu kina siku yake.

Fundi umeme alikuja akazima kwenye mita, akakata nyaya na kuzifunga vizuri, kisha akaanza kuhangaika na skrubu. Zilikuwa zimeoza kwa kutu. Alipovuta kwa nguvu, taa ilitoka na bonge la plasta kubwa kama sinia. Akaniangalia, nikamwangalia. Akasema, "Mzee, mimi ni wa umeme, ukuta si kazi yangu," akakunja mfuko wake, huyo.

Taa mpya ameifunga juu ya mlango. Lakini taa za siku hizi nazo! Imetoka dukani juzi, na ina miduara ileile.

Shimo nitaliziba mwenyewe. Mtu aliyeandika vibao vya nusu ya maduka ya mji huu aite mtu wa kumpakia rangi ukuta wake? Hata mbuzi watanicheka.

Niandikie. Simu yangu kioo chake kimefifia, siisomi vizuri, na mimi nawe tumezoea karatasi.

Mjomba wako,
Brashi


Kambini, 1 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la vyakula, imelala juu ya magunia ya vitunguu, na hadi leo inanukia. Nilicheka habari za paka mpaka jirani yangu wa kitanda akadhani nimepata mchumba.

Mimi mzima. Vidole vyote vipo, nimevihesabu. Daraja limefika katikati ya mto sasa. Ukisimama kwenye ukingo wa chuma unaona maji chini yanapita bila haraka, na upande wa pili nguzo zinatusubiri. Simu huku haishiki, mpaka ufike mjini, na mjini twenda mara moja moja.

Kazi ni nzuri. Ngumu ni kuchomelea juu ya kichwa, umelala chali kwenye jukwaa, cheche zinakurudia shingoni. Msimamizi wetu ni mzee mmoja tunamwita Babu Gesi. Anasema mkono wangu umetulia, na kwamba mwezi wa nne nitafanya mtihani wa daraja la kwanza. Nikipita, nitakuwa mchomeleaji kamili, si msaidizi. Yaani daraja juu ya daraja.

Hili nakwambia wewe peke yako: wapo wanaume wawili ambao kila nikipanda ngazi wanacheka, wanasema nitateremka na kilio. Sijawajibu. Lakini kuna siku nalala nalo.

Kuhusu taa, moyo umeniuma kidogo, nilikuwa nimeizoea. Ungeniambia kwanza, nikaiaga. Lakini ukuta ni wako. Ila toa plasta yote iliyolegea, usizibe juu ya uozo. Lowanisha kwanza, la sivyo ukuta utanyonya maji ya saruji na kiraka kitapasuka. Na tafadhali ngazi ashike Mwalimu, nisalimie sana.

Akupendaye,
Cheche


Nyumbani, 22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu zako kwa Mwalimu zimefika. Samahani kwa herufi hizi nene. Kalamu za kawaida zimeadimika, natumia ile ya kuchorea vibao.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Watatu, na kila mmoja ana rangi yake, utadhani mama yao alikuwa anaonja onja makopo yangu.

Ukuta nimeutengeneza. Nilichukua patasi na nyundo nikagonga pole pole kuzunguka shimo. Palipolia kama ngoma nikajua pamelegea, nikapatoa. Palipolia kizito nikapaacha. Ndani nikakuta kutu imeshuka kwenye tofali kama mchuzi. Kumbe mvua ilikuwa inaingia nyuma ya ile taa miaka yote. Nimekwangua, nimepiga brashi ya waya, nimeosha. Ndio, nililowanisha. Mwalimu alishika ngazi huku amefumba macho kwa hofu, sijui alikuwa ananisaidia nini.

Plasta nimeiweka mara mbili. Ya kwanza nikaichanachana ili ya pili ishike, nikaacha siku kadhaa, nikawa nainyunyizia maji asubuhi na jioni kama mche wa mchicha. Ya pili nikaipitisha ubao, kisha msasa. Halafu nikapapasa. Cheche, ukipitisha kiganja hapo huwezi kujua ukuta wa zamani unaishia wapi na wangu unaanzia wapi. Mkono haudanganyi. Sasa bado rangi tu. Nakumbuka marehemu mke wangu alivyoichagua, ile buluu hafifu. Alisema anataka nyumba yenye rangi ya asubuhi.

Kuhusu hao wawili wanaokucheka, Mwalimu anasema usikate tamaa. Anasema naye alipoanza kufundisha hesabu shule ya wavulana walimcheka hivyohivyo, na sasa wanamwamkia wakiwa ng'ambo ya barabara.

Mtihani ukikaribia nijulishe nikuombee.

Mjomba


Kambini, 20 Aprili

Shikamoo mjomba,

Hongera kwa plasta. Nimemsomea Babu Gesi sehemu ile ya kugonga na kusikiliza, akasema, "Huyo ni fundi." Mvua huku zimeanza, mto umevimba, tumesimamisha kazi za chini siku kadhaa. Nimefua nguo zote nilizo nazo, na nyingine mara mbili.

Mjomba, nikuulize. Habari za wale wanaume nilikuandikia wewe peke yako. Mwalimu amezijuaje? Sijakasirika, Mwalimu namheshimu. Lakini tangu lini barua zangu unamsomea mtu? Au yeye ndiye anakusomea wewe?

Na kalamu hiyo ya vibao. Ukurasa mzima umeingia mistari michache tu, na mwishoni maneno yameteremka kona kama wanafunzi wanaotoroka shule. Wewe! Mtu uliyekuwa ukinipiga kofi la mgongo mstari wangu ukipinda unene wa uzi.

Niambie ukweli. Unaumwa?

Cheche


Nyumbani, 11 Mei

Mpwa wangu mpenda maswali,

Siumwi. Nakula, nalala, naamka. Mwalimu alichukua barua yako posta, akaifungua kwa bahati mbaya akidhani ni yake. Basi.

Sasa sikia habari njema: rangi nimepaka. Nilichanganya mwenyewe, buluu na nyeupe na tone la kijivu, nikajaribu kwenye kipande cha ubao, nikakiegemeza ukutani, nikarudi nyuma nikatazama. Vimefanana kama mapacha. Nikapaka mara mbili. Kiraka hakionekani kabisa! Nilimwita Mwalimu atoke aone. Akasimama. Akatazama sana. Nikamwambia, "Sema basi." Akasema, "Mzee, umejitahidi." Halafu akaingia ndani haraka. Watu wa vitabu bwana, hata kusifu hawajui.

Ila kazi imewavutia watu. Wapita njia wanasimama. Juzi kijana wa maziwa ameniuliza, "Mzee, hii ndiyo fasheni mpya?" Nikamwambia ufundi mzuri haupitwi na fasheni. Akakubali.

Nikuchekeshe kidogo. Jana natoka asubuhi, nakuta mtu amesimama kimya karibu na geti. Nikamsalimu. Kimya. Nikamsalimu tena kwa sauti. Kimya. Nikaanza kumpa somo: siku hizi watu hawana adabu, mtu mzima anakusalimu unamnunia! Kumbe pipa la maji, Mwalimu amelihamisha. Jua lilikuwa limenipiga usoni, ndiyo maana.

Wewe nawe mbona hunijibu? Mwezi wa nne umepita. Mtihani umekwendaje?

Mjomba


Kambini, 3 Juni

Shikamoo mjomba,

Natumaini umzima na watoto wa paka wamekua. Mimi mzima wa mwili.

Jumamosi iliyopita nilipanda lori hadi mjini, simu iliposhika tu nikampigia Mwalimu. Usimkaripie. Nitakuandikia tulivyozungumza, neno kwa neno, ili ujue hakukusaliti.

Nikamuuliza, "Mwalimu, mjomba ana nini?"

Akasema, "Ameniapisha nisiseme habari zake. Lakini habari za ukuta hakunikataza. Niulize habari za ukuta."

"Haya. Ukuta ukoje?"

"Ukuta ni buluu hafifu kama siku zote, imechujuka na jua."

"Na kiraka?"

"Kiraka ni buluu ya sare za shule. Kikubwa kama meza. Kina mikono miwili na kitu kama mkia. Wanafunzi wangu wakija hawaulizi tena nyumba ipi."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema hakionekani kabisa." Mjomba, hapo nilishindwa kucheka ingawa nilitaka.

Nimerudi kambini nikasoma barua zako zote tangu mwezi wa pili. Taa yenye soksi. Balbu mpya, miduara ileile. Taa nyingine kabisa, miduara ileile. Kioo cha simu kimefifia. Kalamu nene. Pipa. Mjomba, vyombo vyote vya nyumba hiyo haviwezi kuharibika mwaka mmoja. Hakikuharibika hata kimoja. Ni macho yako.

Sisi wachomeleaji macho yetu hupimwa, kwa hiyo huku maradhi ya macho tunayazungumza kama watu wengine wanavyozungumza mpira. Nimemweleza Babu Gesi, akanikatiza kabla sijamaliza: "Miduara kwenye taa? Buluu haioni sawasawa? Mtoto wa jicho huyo." Anajua kwa sababu naye alikuwa na ugonjwa huo.

Nijibu wewe mwenyewe. Hata kwa neno moja. Hata kama litajaza karatasi nzima.

Cheche


Nyumbani, 15 Juni

Cheche,

Sina tatizo la macho. Nina tatizo la wapangaji.

Mjomba


Nyumbani, 19 Juni

Mpwa wangu,

Ile karatasi ya juzi niliiandika nina hasira, na nilipoipeleka posta nilijikwaa mlangoni nikaomba radhi kwa nguzo. Karani wa dirishani alicheka. Nikarudi nyumbani nikakaa.

Haya anaandika Mwalimu, mimi nasema. Ameahidi kuandika kama ninavyosema bila kusahihisha, lakini namwona anakunja uso, nadhani amesahihisha. (Sijasahihisha. — M.)

Ni kweli. Kulianza kidogo kidogo, kama ukungu wa kwenye glasi ya chai. Nikawa nalaumu taa. Taa haina mdomo. Uliposema neno "mtoto wa jicho" nililijua, nimelijua muda mrefu. Baba yetu, babu yako, alimaliza siku zake akiongozwa kwa fimbo, mimi ndiye niliyeishika ncha ya mbele. Siku zile watu walisema ni uzee, ukishaingia hautoki. Nilipoanza kuona ukungu nikasema, basi, zamu yangu. Nikaona heri nisiende kwa daktari kuambiwa ninachokijua.

Na la pili. Mke wangu alipolala kitandani, wewe uliacha chuo ukaja kumwosha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Hukulalamika. Hukurudi chuo tena. Miaka mingapi umezungukazunguka, kuuza katika duka la watu, kushona mifuko, mpaka ukapata hiyo mashine ya kuchomelea na uso wako ukarudi? Niliapa moyoni: mtoto huyu hataacha kitu kingine kwa ajili yangu. Ningekwambia, ungefunga mfuko siku hiyohiyo. Nakujua.

Kwa hiyo usije. Nakuomba. Hata kama nitayaamkia mapipa ya mtaa mzima.

Na kuhusu kiraka, Mwalimu ndio leo kanithibitishia rangi yake. Buluu ya sare za shule! Mbele ya nyumba ya mchora vibao! Zaidi ya mwezi nimekaa kibarazani nikijivuna, napokea salamu chini ya kitu hicho.

Mjomba


Kambini, 2 Julai

Shikamoo mjomba wangu,

Zimekuja barua mbili siku moja. Nilifungua ya hasira kwanza. Nashukuru haikuja peke yake.

Nimelia, nimemaliza, sasa tuzungumze kama watu wazima.

Kwanza langu, maana nawe uliuliza nikajifanya kiziwi. Mtihani nilifeli. Kipande cha chuma ulichochomelea wanakikata, wanakipinda kwenye mashine, kikipasuka, basi. Changu kilipasuka kwa mlio ambao nausikia hadi leo. Wale wawili walikuwepo. Mmoja alicheka, lakini mwingine, sikutegemea, aliniambia, "Mimi changu kilipasuka mara mbili, dada. Punguza haraka mwishoni." Nilishindwa kukuandikia. Niliona ukisikia utasema nirudi nyumbani nipumzike. Sasa naona sote wawili tulikuwa tunachungana, kila mmoja amesimama mlangoni kumzuia mwenzake asitoke.

Nitarudia mtihani mwezi wa nane. Kwa hiyo siji. Umesikia? Siji, nabaki kazini, vilevile ulivyotaka. Lakini nawe una lako la kufanya.

Babu Gesi ameniambia nikuandikie maneno yake: "Mwambie mzee, mimi nilikaa miaka miwili nikijidanganya. Walinitia dawa jichoni pakafa ganzi, nikasikia wanapapasapapasa huku wananiuliza habari za watoto wangu. Kabla sijamaliza mtoto wa tatu wakasema tayari. Kesho yake walipofungua bandeji nikamwona muuguzi, nikamuuliza, wewe ndiye uliyekuwa na sauti ya kizee? Alikuwa binti mdogo!" Anasema pia siku za babu huenda dawa haikufika kwetu, lakini siku hizi imefika, na mtu kubaki gizani dawa ikiwa mlangoni ni ubishi tu.

Mjomba, nilishuka mjini nikampigia tena Mwalimu, naye ameulizia. Hospitali yenye daktari wa macho ipo mwendo wa asubuhi tu kwa basi. Shule zinafunga wiki ijayo, atakusindikiza. Wanatengeneza jicho moja kwanza, likipona ndipo la pili. Nenda. Usiende kwa ajili yangu. Nenda kwa sababu mtu akisema kazi ya Brashi ni mbaya, lazima Brashi mwenyewe aione ndipo ajitetee.

Cheche


Nyumbani, 8 Agosti

Cheche, Cheche, Cheche!

Tazama mstari huu. Weka rula chini yake. Naandika kwa kalamu ya kawaida, ya wino, ile ile iliyokuwa imeadimika. Ilikuwa kwenye kikombe juu ya meza.

Nilikwenda. Kwenye basi nilimwambia Mwalimu mara tatu kwamba nimesahau kufunga mlango, turudi. Akasema mlango amefunga yeye, nikae. Mambo yalikwenda kama alivyosema mzee wako, isipokuwa mimi waliniuliza habari za kazi, nikaanza kuwaeleza kuandika herufi S kwa mkono mmoja bila kuinua brashi, na walipomaliza nilikuwa bado niko kwenye tumbo la S.

Kesho yake wakafungua bandeji. Jambo la kwanza nililoliona ni shuka. Jeupe! Nilikuwa nimesahau kwamba kitu kinaweza kuwa cheupe. Vyeupe vyangu vyote vilikuwa vimegeuka chai ya maziwa, pole pole, hata sikujua. La pili, nimemwona Mwalimu. Ana mvi mbili tatu mbele. Nilikuwa sijaziona. Nikamwambia, akasema, "Hizo ni za kukushikia ngazi."

Tukarudi. Tumeshuka kituoni, tunatembea, nami natazama kila kibao cha duka njia nzima. Vingine ni vyangu. Vinafifia lakini herufi zimesimama. Tulipofika mbele ya nyumba nikasimama.

Mpwa wangu. Yesu na Mtume! Lile dude! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kokoto. Mwalimu alidhani nimepata kizunguzungu. Kisha nikafanya jambo ambalo nataka umsimulie Babu Gesi: nikafumba jicho lililotengenezwa nikatazama kwa lile la zamani. Kiraka kikapotea. Kweli kabisa, ukuta mmoja, rangi moja. Nikafumba la zamani nikafumbua jipya: sare za shule hizo hapo! Nikarudia, fumba hili, fumbua hili. Jirani alitoka kuuliza kama nina tatizo na mtu. Unaona? Sikusema uongo. Kila jicho lilikuwa linasema ukweli wake.

Lakini plasta, Cheche, plasta ni safi. Hilo jicho jipya nalo limekubali.

Daktari amekataza kuinama, kubeba na kupanda ngazi kwa muda, kwa hiyo kiraka kitaendelea kututukana kidogo. Kijana wa maziwa anasema asikifute mtu, wateja anawaelekeza, "geukia kwenye buluu."

Huo mtihani wako ni lini? Safari hii nijibu.

Mjomba


Kambini, 27 Agosti

Shikamoo mjomba,

Barua yako imezunguka kambi nzima. Babu Gesi amefumba na kufumbua macho yake mawili mbele ya watu wote kuwaonyesha, mpishi akadhani anamkonyeza.

Nimefanya mtihani jana. Mwishoni nilikumbuka nisiwe na haraka. Kipande kikapindwa, kikapindwa, mashine ikaguna, mimi nikaguna, kikabaki kizima. Msahihishaji akakigeuzageuza kwenye mwanga akasema, "Nani kafanya hiki?" Nikainua mkono nikiwa bado na glavu. Mimi ni mchomeleaji wa daraja la kwanza. Yule mwenzetu wa kucheka alinipa mkono. Sio kwamba tumekuwa marafiki. Ila mkono alinipa.

Nimepewa likizo kabla ya kuanza upande wa pili wa mto. Nitakuja mwezi ujao, katikati. Kwa mara ya kwanza nakuja nyumbani na hakuna anayeumwa. Sijui hata nitafanya nini na mikono yangu. Nadhani nitakula na kulala.

Kuna mabasi mawili, la asubuhi na la usiku. La usiku lina nafasi zaidi. Nikipata lolote nitapanda.

Cheche


Nyumbani, 9 Septemba

Mchomeleaji wa daraja la kwanza, mpwa wangu, hongera!

Nimeisoma barua yako mwenyewe, kimya kimya, nikiwa peke yangu jikoni. Nilipomaliza ndipo nikampa Mwalimu, naye akapiga kelele mpaka paka wakakimbilia uvunguni. Amesema nikuandikie kwamba kwa mahesabu yake hili lilikuwa lazima litokee.

Daktari amenipima, ameniruhusu kupanda ngazi. Jicho la pili nitafanyiwa ukiwa umesharudi kazini, usianze kupanga kubaki.

Nilianza kwa kutaka kupaka kiraka tu, kifanane na ukuta. Nilipochanganya rangi nikagundua siwezi kuigiza uzee wa rangi ile, na hata ningeweza, sikutaka. Nikapaka ukuta wote wa mbele. Nilikaa na makopo tangu kunakucha, nikiongeza nyeupe tone kwa tone, mpaka nikapata buluu ambayo marehemu angesema, "Hapohapo, acha, usiguse tena." Nilisikia sauti yake kabisa. Nikaacha, sikugusa tena.

Kijana wa maziwa amesikitika. Amesema sasa atawaelekezaje watu? Nikamwambia awaambie waje kwenye nyumba ya mzee anayeandika vibao, maana nimeanza tena. Shule ya Mwalimu imeniomba kibao kipya cha getini. Nimeshachora mistari ya penseli. Herufi ni nyingi, zina S tatu.

Chumba chako kimefagiliwa, neti imefuliwa. Mwalimu anauliza unataka kula nini siku ya kwanza, ujibu haraka kabla hajaamua mwenyewe.

Nina ombi moja tu. Hilo basi la usiku liache. Subiri nafasi ya asubuhi, hata kama itakuchelewesha siku moja. Nitakuwa nimekaa kibarazani mchana. Nataka nikuone ukitokea pale kwenye kona, ungali mbali, na mfuko wako begani, nikujue kwa mwendo wako kabla hujaniita.

Mjomba wako,
Brashi